Somo: Kuchagua mafuta ya samaki na kuyatunza yasichache

Ndugu zangu, habari. Wengi wetu tunanunua mafuta ya samaki kama dawa na kuyaweka kama dawa. Chupa inakaa mwaka mzima, na tunaamini kilichomo ndani ni kilekile cha siku ya kwanza. Nami nilikuwa hivyo. Nilinunua chupa kubwa ya vidonge 400 nikijiona mjanja, nikaiweka juu ya friji, mahali ambapo kumbe joto la mashine hupanda mchana na usiku. Baada ya miezi kadhaa kidonge kimoja kikanipasukia mkononi. Harufu iliyotoka haikuwa ya samaki, ilikuwa ya vanishi ya mbao. Na nilikuwa namumunya hivyo vitu kila asubuhi kwa bidii ya mtu anayejali afya!

Tangu siku ile nayahesabu mafuta haya kuwa samaki, si vidonge. Samaki humwulizi tu muuzaji ana kilo ngapi. Unamwuliza kavuliwa lini na alikaa wapi. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitakuja zenyewe.

Hatua ya 1: Jiulize kama unayahitaji

Tunachokitafuta ndani ya mafuta haya ni asidi mbili za omega-3, yaani EPA na DHA. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, inasema mtu mzima anatosheka na miligramu 250 za hizo mbili kwa siku. Anayekula samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki, kama Shirika la Moyo la Marekani linavyoshauri, kwa kawaida ameshafika huko bila kufungua chupa yoyote.

Tusidanganyane pia kuhusu miujiza. Utafiti mkubwa wa VITAL uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watu 25,871, na waliopewa kidonge cha gramu 1 kila siku hawakupungukiwa kwa kiwango cha kuhesabika na jumla ya matukio makubwa ya moyo na kiharusi. Wenye trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu hupewa na daktari gramu 4 kwa siku, lakini hiyo ni dawa ya cheti na ina usimamizi wake. Usijaribu kuigiza kwa kumeza vidonge kumi na viwili vya kawaida.

Hatua ya 2: Geuza chupa, soma mgongoni

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbele ya chupa imeandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa. Huo ni uzito wa mafuta yote yaliyomo, si wa omega-3. Kidonge cha kawaida cha 1000 mg huwa na EPA 180 na DHA 120. Jumla 300. Zile 700 zilizobaki ni mafuta mengine tu ya samaki. Hayana ubaya, ila siyo uliyoyafuata.

Mtego wa pili ni kipimo. Mgongoni utaona "EPA na DHA 600 mg", ufurahi, kisha chini kwa herufi ndogo ukute kipimo ni vidonge viwili. Au vitatu. Kwa hiyo gawanya kwanza ujue kidonge kimoja kina ngapi.

Sasa fanya hesabu. Chupa ya kwanza ina vidonge 60 vyenye 300 kila kimoja, jumla 18,000 mg. Ya pili ina vidonge 60 vyenye 600, jumla 36,000 mg. Gawanya bei ya kila chupa kwa jumla hiyo, ndipo utajua ipi rahisi kwa kweli. Mara nyingi ile iliyoonekana ghali rafuni ndiyo inayoshinda, na juu ya hapo unameza nusu ya idadi ya vidonge.

Lebo ikiandika "omega-3" peke yake bila kutenga EPA na DHA, mimi hurudisha chupa mahali pake. Ndani ya jina hilo huweza kuingizwa ALA ya mimea, ambayo mwili hubadilisha sehemu yake ndogo tu kuwa EPA na DHA.

Hatua ya 3: TG au EE?

Kwa asili mafuta ya samaki ni trigliseridi: asidi tatu zimeshikana na gliseroli. Hiyo ndiyo TG. Kiwanda kikitaka kuyakoleza, hukata asidi hizo na kuzishikiza kwenye ethanoli, na yanakuwa EE, yaani etili esta. Wengine huzirudisha tena kwenye gliseroli, ndiyo rTG, kazi inayoongeza gharama.

Tofauti unayoihitaji ni hii: EE hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Ukiimeza pamoja na mlo wenye mafuta, pengo linapungua sana. Kwa hiyo usikose usingizi kwa ajili ya herufi mbili, kula chakula kwanza.

Kuna video za mtu anayemimina mafuta kwenye kikombe cha povu la plastiki, kikombe kinatoboka, kisha anasema "ona yanavyofanya tumboni mwako". Etili esta huyeyusha polistireni, yaani plastiki ya kikombe hicho, basi. Tumbo lako halikutengenezwa kwa polistireni. Kipimo hicho hakionyeshi kama mafuta ni mabichi, safi wala machafu.

Hatua ya 4: Samaki gani, na kasafishwa vipi

Mafuta mengi hutoka kwa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, sardini na vibua, ambao hawaishi muda mrefu wa kulimbikiza sumu. Zebaki inayoogopwa hujishikiza kwenye protini ya nyama, kwa hiyo kwenye mafuta huwa kidogo mno. Sumu za kuangaliwa ni kemikali za dioksini na PCB, kwa kuwa hizo hukaa kwenye mafuta. Usafishaji wa kiwandani kwa mvuke na mgandamizo mdogo huziondoa. Alama ya wapimaji wa nje kama IFOS au USP ni dalili njema.

Ila tenga vizuri mafuta ya samaki na mafuta ya ini la samaki. Ya ini yana vitamini A na D. Vitamini A ya aina hiyo ikizidi mikrogramu 3,000 kwa siku kwa mtu mzima inaanza kuwa mzigo, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito asiguse ya ini bila kuongea na mkunga au daktari wake.

Hatua ya 5: Tafuta umri wa mafuta

Mnyororo wa DHA una viungo maradufu 6, wa EPA una 5. Asidi kuu ya mafuta ya zeituni ina 1 tu. Kila kiungo hicho ni mlango wa oksijeni, ndiyo maana mafuta haya huchacha haraka kuliko mengine yote unayoyajua.

Maabara hupima kuchacha kwa namba mbili. Peroksidi huonyesha uharibifu unaoanza, na kiwango ambacho wenye viwanda wamejiwekea ni kisichozidi 5. Anisidini huonyesha uharibifu uliokomaa, kisichozidi 20. Kwa nini mbili? Kwa sababu peroksidi hupanda, halafu huvunjika na kuwa vitu vingine, zikashuka. Mafuta yaliyokwisha kuzeeka yanaweza kuonyesha peroksidi ndogo na kujifanya kijana. Ndipo wakaziunganisha kwenye TOTOX: peroksidi mara mbili, ongeza anisidini, isizidi 26. Mafuta yenye peroksidi 4 na anisidini 10 yana TOTOX 18. Baadhi ya makampuni huweka cheti cha kila toleo kwenye tovuti yao. Unaingiza namba ya toleo iliyo chini ya chupa, unasoma. Fahamu tu kwamba ladha ya limau inaweza kupandisha anisidini bila mafuta kuwa mabovu.

Usipokuwa na cheti, chagua chupa ambayo tarehe yake ya mwisho iko mbali, yenye rangi nzito, iliyoongezewa vitamini E (huandikwa pia tokoferoli), na ya ukubwa utakaoumaliza ndani ya miezi miwili au mitatu. Zile ofa za vidonge 400 waachie familia kubwa.

Hatua ya 6: Toboa unuse

Siku ya kwanza, chukua kidonge kimoja, kitoboe kwa pini, nusa, kisha onja tone. Mafuta mabichi hunuka samaki kwa mbali, kama upepo wa baharini. Yaliyochacha hunuka rangi ya mafuta, vanishi, karanga za zamani, na huacha ukali unaokwaruza koo. Ya limau au chungwa hudanganya pua, hapo tegemea ulimi: ladha ya tunda ikipita, kinachobaki nyuma ndicho jibu. Rudia kila mwezi. Kidonge kimoja kwa mwezi si hasara.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Maadui ni hewa, mwanga na joto. Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua, maana tarehe ya kiwandani inahusu chupa iliyofungwa.

Mafuta ya maji yakishafunguliwa yakae ndani ya friji, bila mjadala. Kadiri yanavyopungua ndivyo hewa inavyoongezeka juu yake, kwa hiyo robo ya mwisho ndiyo huharibika mbio. Futa mdomo wa chupa kila ukimimina, kwa sababu tone linalokaukia pale huchacha kwanza, na siku utakayonusa utadhani chupa nzima imekufa.

Vidonge vinatosheka na kabati lenye giza na ubaridi, mbali na jiko na bafu. Nyumba ikiwa na joto la nyuzi 30 hivi, weka friji, lakini usiache chupa wazi nje: jelatini ya ganda la kidonge hutoa jasho na vidonge hugandana. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu usikitupe. Usihamishie kwenye chupa ya kioo cheupe kwa ajili ya urembo, na usisahau chupa ndani ya gari.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani kwa somo. Yangu ya maji nimeyaweka friji yamekuwa na ukungu mweupe chini. Yameharibika?*

Hapana mkuu. Baadhi ya mafuta yaliyomo huganda kwenye baridi. Yatoe kidogo, yatarudi kuwa angavu. Wapo wanaosema mafuta yakiganda ni ya kuchakachua, si kweli. Amua kwa pua.

*Nikimeza nashinda napiga mbweu za samaki mpaka naona aibu ofisini. Nifanyeje?*

Kwanza toboa kimoja unuse, mbweu kali mara nyingine ni taarifa ya kuchacha. Yakiwa mazima, meza katikati ya mlo, si kabla wala baada. Gawa kipimo mara mbili kwa siku. Wengine humeza vikiwa vya baridi wakapata nafuu. Vipo pia vyenye gamba linalopasukia kwenye utumbo, ila gamba hilo huficha harufu, kwa hiyo kuwa makini zaidi na tarehe.

*Shikamoo mwalimu. Mama yangu anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, na anataka kuanza haya. Kuna shida?*

Marahaba. Asianze mpaka aongee na daktari anayempima damu, na ataje miligramu za EPA na DHA, siyo jina la chupa tu. Vipimo vikubwa huweza kugusa ugandaji wa damu. Pia kwenye majaribio makubwa ya gramu 4 kwa siku, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yalionekana zaidi kwa waliotumia omega-3, kwa hiyo mwenye historia hiyo naye aulize. Kwa mtu mzima mzima wa afya, EFSA haioni tatizo hadi gramu 5 kwa siku, lakini mama mwenye warfarin hayumo kwenye kundi hilo.

*Mimi sili kitu chochote cha mnyama. Nitumie mafuta ya kitani?*

Ya kitani ni ALA, rudi hatua ya 2. Tafuta mafuta ya mwani. Samaki wenyewe hawatengenezi omega-3 nyingi, huipata kutoka kwa mwani mdogo wa baharini, kwa hiyo wewe utakuwa umeruka mtu wa kati. Angalia kama ina EPA pia, kwa sababu nyingine ni DHA tupu. Na soma ganda limetengenezwa kwa nini: jelatini hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au samaki. Wenye masharti ya dini nao wasome hapo hapo.

*Nachanganya kijiko kwenye uji wa mtoto ukiwa jikoni ili asisikie harufu. Sawa?*

Usipike nayo dada. Moto unafanya kwa dakika kazi ambayo kabati ingefanya kwa miezi. Subiri uji upoe kiasi cha kulika ndipo uchanganye, na kipimo kiwe cha bidhaa ya watoto, siyo kijiko cha mtu mzima. Kama ni ya ini, jumlisha pia vitamini A na D kwenye matone mengine anayopewa.

*Nimetoboa changu sasa hivi baada ya kusoma. Vanishi mtupu. Nimekula miezi mitatu!*

Karibu chamani. Si sumu ya kukukimbiza hospitali, ila usiendelee kumeza. Ilikuwa imekaa wapi?

*Dirishani, karibu na birika.*