Somo: Kolaji ya daraja la mawe kwa mpigo wa amadinda

Amadinda, marimba ya Buganda, ina mbao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza hupiga sehemu iitwayo okunaga, wa pili humwingilia kwa sehemu yake, okwawula, katikati ya mapigo ya wa kwanza, na sikio husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Kolaji hii, yaani picha moja ya kubandika vipande vya picha nyingine, inafuata mpango huohuo. Daraja langu ni la Charles, Prague, lililoanza kujengwa mwaka 1357, lenye matao 16. Shemeji yangu anaishi huko, ndiye aliyenipigia picha.

Hatua ya 1. Piga picha mbili, asubuhi na jioni, ukisimama palepale, kimo kilekile. Vivuli vya nguzo vikihama, umepata sauti mbili.

Hatua ya 2. Zisafishe dukani kwa karatasi isiyong'aa, sentimita 36 kwa 24.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Kila picha igawe vipande 12 vya wima, upana sentimita 3, kwa wembe mpya na rula ya chuma. Kwanza tafuta lile jiwe la juu kabisa katikati ya tao, linalolifunga tao lisianguke. Wembe usipite juu yake. Likikatwa, tao zima linaonekana limelegea hata vipande vingine vikikaa sawa. Sogeza mistari, na uisogeze vilevile kwenye picha ya pili. Kipande cha pembeni kikiwa chembamba si neno. Andika namba nyuma kwa penseli.

Hatua ya 4. Bandika kwenye kadibodi: 1, 3, 5 za asubuhi, 2, 4, 6 za jioni, hadi mwisho.

Hatua ya 5. Sasa okukoonera, ninayoipenda kuliko zote. Mpigaji wa tatu ana mbao mbili tu, zile za juu kabisa, na hurudia huko sauti za mbao mbili za chini kabisa. Chukua vipande vilivyobaki, kata pale tu jiwe linapogusa maji, ubandike angani, kila penye mguu wa daraja chini yake. Pengine pakionekana patupu, paache. Wengi hujaza anga kwa mapambo na mpigo unapotea.

MASWALI

Jinja: Mwalimu, daraja letu la reli ni la 1931, ila la chuma. Litafaa?
Jibu: Litafaa, ndugu yangu. Vyuma vya mshazari vikikatwa vyembamba vinafanya meno, kwa hiyo panua vipande hadi sentimita 6. Omba ruhusa kwa walinzi kabla ya kutoa simu.

Iganga: Embaire, marimba yetu Wasoga, hupigwa na watu wengi zaidi. Naweza kuongeza picha ya tatu?
Jibu: Ongeza, lakini si ya saa sita mchana, vivuli huwa vifupi mno. Piga mvua ikishakatika, mawe yakiwa bado yamelowa.

Kampala: Picha zangu zimejikunja baada ya kubandika.
Jibu: Ni gundi ya majimaji hiyo, dada. Tumia ya kijiti, kisha lazia vitabu vizito hadi kesho yake.