Chotara wa mbwa mchungaji akidonoa visigino

Ukimwona chotara wa Border Collie au Australian Shepherd anawazunguka watoto na kuwadonoa visigino, usimpige. Si ukali huo, ni damu ya kuchunga. Ng'ombe huswagwa hivyo hivyo. Mpe kazi: ficha kitu akitafute kwa pua, maana kutumia akili humtuliza kuliko mbio tupu. Manyoya yake ya tabaka mbili yachane hadi chini, hasa nyuma ya masikio yanaposokotana, wala usimnyoe. Na hili nakusihi sana: kabla ya dawa ya minyoo au kupe, mwambie daktari wa mifugo asili yake. Baadhi yao hurithi kasoro ya jeni iitwayo MDR1, na ivermektini (dawa ya minyoo) ya kipimo cha ng'ombe inaweza kumuua mwenye kasoro hiyo.