Kuchagua vyuma vya ndani vya injini ya rpm kubwa

Kabla hujanunua pistoni hata moja amua injini itafika rpm (mizunguko kwa dakika) ngapi, maana nguvu inayovuta konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) haipandi sawasawa na rpm, inapanda kwa mraba wake, yaani ukitoka 6000 kwenda 9000 mzigo unakuwa mara 2.25. Ndo maana mimi naanza na konrodi na bolti zake. Bolti ikikatika konrodi inatoboa bloku na hapo huokoi kitu. Chukua konrodi zilizofuliwa, yaani chuma kilichopigwa kikapata umbo (forged), sio za kumiminwa, chuma cha daraja la 4340 kinafaa sana, bolti ziwe ARP 2000 (bolti imara za kampuni ya ARP), na ukiweza kaza kwa kupima bolti imerefuka kiasi gani, ni sahihi kuliko kutegemea toki (nguvu ya kukazia spana) peke yake.

Pistoni nazo ziwe za kufuliwa. Aloi ya 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, kwa hiyo inakaa na nafasi ndogo kwenye silinda na haipigi kelele ikiwa baridi. Aloi ya 2618 inavumilia kipigo zaidi, hiyo ni ya injini ya tabo (turbo, inayosukumiwa hewa), ila inatanuka sana so lazima uiachie nafasi kubwa. Bila tabo ningeenda 4032, tena nyepesi, pamoja na pini yake.

Jamani springi za valvu msizisahau! Zikiwa laini valvu inachelewa kufunga inakutana na pistoni. Krenki (shafti inayozungushwa na konrodi) ya orijino ikiwa ya kufuliwa mara nyingi inatosha, ibalansi tu pamoja na flaiwili na puli.