Kutambua Nyuzi za Nyavu kwa Spektroskopi ya Infraredi

Kipande cha wavu kilichookotwa ufukweni Mwanza kioshwe kwa maji safi, kisha kikaushwe kabisa kabla ya kupimwa kwa spektroskopi ya infraredi, yaani kuangalia ni miale ipi ya infraredi (isiyoonekana kwa macho) inayofyonzwa na uzi, ili kujua ni wa plastiki gani. Ukaushaji ndio ninaousisitiza kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu maji hufyonza miale ya infraredi karibu na namba za mawimbi (idadi ya mawimbi katika sentimita moja) 3,300 na 1,640 kwa sentimita, yaani palepale zinapojitokeza alama za nailoni, hivyo uzi wenye unyevu unaweza kumpotosha hata mpimaji mzoefu.

Safisha kioo cha almasi, yaani sehemu ya mashine ambapo sampuli huwekwa, upime kwanza hewa tupu ili mashine iondoe alama za mvuke na kaboni dioksidi. Weka uzi juu ya almasi, ukaze kibanio mpaka ulale bapa, kisha upime kuanzia 4,000 hadi 600.

Nailoni huonyesha vilele, yaani sehemu za grafu ambapo miale imefyonzwa sana, karibu na 3,300, 1,640 na 1,540. Polithini haina hivyo. Yenyewe ina viwili virefu karibu na 2,915 na 2,848, kingine karibu na 1,470, na kidogo karibu na 720, ambacho mara nyingi hugawanyika pacha. Ukiona kilele kipana karibu na 1,000, yaelekea ni mchanga au udongo uliobaki kwenye mafundo, na sampuli ioshwe upya.