Kulinganisha flamingo mdogo na nondo wa fuvu, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia mpwa wangu kazi hii ya biolojia. Viumbe wetu ni flamingo mdogo wa Ziwa Natron na yule nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni.

1. Andika majina ya kisayansi: Phoeniconaias minor na Acherontia atropos. Ukiandika "flamingo" tu, utajikuta umechanganya na vipimo vya flamingo mkubwa, ambaye ni spishi nyingine.

2. Chora safu mbili daftarini, kwa penseli. Simu iweke kando.

3. Mabawa. Hapa tulia. Vitabu vya ndege vikitaja urefu wa bawa, kwa kawaida ni bawa lililokunjwa: kutoka kwenye kifundo cha bawa (mfano wa kifundo cha mkono wetu) hadi ncha ya unyoya mrefu kuliko yote, kwa rula yenye kizuizi kwenye sifuri. Hata hapo, anayeyalaza na kuyanyoosha manyoya hupata urefu zaidi ya anayeyaacha na mpindo wake. Kwa nondo, urefu huanzia bawa linapoungana na kifua. Namba hizo mbili ukizipanga pamoja, umelinganisha kipande cha bawa na bawa zima. Tumia mabawa yaliyotandazwa, ncha hadi ncha, kwa wote wawili: flamingo sentimita 90 hadi 105, nondo 9 hadi 13. Ukipima nondo aliyekaushwa, angalia alivyobanwa kwa pini. Ukingo wa nyuma wa mabawa ya mbele unatakiwa ufanye pembe mraba na mwili. Kama yamevutwa chini, upana umepungua, muache huyo. Picha isiyo na skeli mimi siikubali kabisa.

4. Uzito. Flamingo ana kilo moja na nusu hadi mbili, nondo gramu chache. Mabawa yanapishana mara nane au tisa, uzito mara mamia, kwa kuwa uzito hufuata ujazo.

5. Chakula. Taja umri kwanza. Kifaranga hulishwa maziwa ya koo na wazazi wote wawili, mdomo wake ukiwa bado umenyooka. Flamingo mzima huinamisha kichwa juu chini na kuchuja mwani kwenye maji ya magadi. Kiwavi hula majani ya viazi mviringo na tumbaku. Nondo mzima huingia mizingani kufyonza asali kwa mrija wake mfupi, mgumu.

6. Mfanano. Andika "kuruka", kisha chini yake eleza kwamba bawa la ndege ni mkono wenye mifupa, na la nondo ni utando wenye magamba, usio na mfupa wala msuli ndani.