Kabla ya Kujiandikisha Kozi ya Mtandaoni

Kabla hujafikia hatua ya malipo, tafuta tangazo la kazi unayoitamani au mwongozo wa udahili wa chuo unachokilenga, kisha uandike pembeni yale yanayodaiwa humo ambayo bado huyawezi. Karani wa mahesabu anayekutana na maneno "uchambuzi wa takwimu" katika kila tangazo hana haja ya kukimbilia kozi ndefu ya akili mnemba. Huenda kinachomkwamisha ni kupanga na kufupisha jedwali la Excel lenye mistari 5,000, jambo linaloweza kufundishika kwa wiki chache.

Ukishalijua pengo lako, usome mtaala wa kozi hadi mwisho, na hasa uzichunguze kazi za kupimwa, ambazo mimi huzipa uzito kuliko hata jina la mwalimu. Kozi ya video na maswali ya kuchagua peke yake husahaulika upesi, lakini ile inayokutaka usafishe takwimu zilizovurugika, uandike ripoti ya kurasa mbili na kuipokea ikiwa na masahihisho, itakupa kitu cha kumwekea mwajiri mezani.

Suala la cheti linataka uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza fedha walizozichanga kwa taabu. Majukwaa ya kozi za mtandaoni Coursera na edX, yote yaliyoanzishwa mwaka 2012, hutoa vyeti vya kozi fupi vinavyothibitisha kwamba umemaliza masomo hayo. Cheti cha namna hiyo si stashahada wala shahada, na usidhani chuo kitakihesabu katika masomo yako mpaka chuo chenyewe kikuthibitishie kwa maandishi. Anayetaka kusoma shahada ya nje kwa mtandao, naye ataitumia Tanzania, aulize Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuhusu utambuzi wake kabla ya kulipa ada. Jina nalo lisajiliwe kama lilivyo kwenye vyeti vyako vya shule.

Muda uupime kwa saa za kwenu. Kazi inayofungwa saa sita usiku kwa saa za kimataifa (UTC), kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi inafungwa saa tisa usiku, na bando likikatika wakati huo hakuna duka lililo wazi. Kwa hiyo hakikisha programu inaruhusu kupakua video mapema, na uiwasilishe kazi jioni, kabla hujalala.