Kusukumana Mikono: Mazoezi ya Wawili Katika Taichi na Namna ya Kuyafikisha Kwenye Kujihami

Wengi wanaofanya taichi Dar es Salaam wanaifahamu kwa ile miondoko 24 ya polepole, ambayo ilipangwa China mwaka 1956 ili watu wengi waweze kujifunza kwa muda mfupi. Miondoko hiyo ni mizuri kwa afya, lakini taichi ilikulia katika kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, ikiwa sanaa ya mapigano, na Yang Luchan (1799–1872), aliyejifunza huko, alijulikana Beijing kwa uwezo wake wa kupigana. Anayefanya miondoko peke yake miaka yote hajui bado kama mwili wake utasimama pale mtu mwingine anapouegemea. Jibu hupatikana katika zoezi la kusukumana mikono, na ni zoezi la wawili.

Chagueni mahali tambarare na muanze mapema, kabla jua halijawa kali. Ufukweni Coco Beach, mchanga mkavu hauwafai wanaoanza kwa sababu unatitia chini ya kisigino. Subirini maji yakupwe, msimame kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Kubalianeni mapema kwamba kofi mbili nyepesi mwilini ni ishara ya kuacha mara moja. Mwanamke na mwanamume wanaofanya mazoezi pamoja wakubaliane pia mipaka ya mguso: zoezi la kwanza linahitaji vifundo vya mikono tu, na msukumo unaweza kulenga bega badala ya kifua.

Kuna jambo la kwetu ambalo ni lazima lisemwe wazi. Kijana aliyemwamkia mwenzake shikamoo muda mfupi uliopita huona vibaya kumsukuma, kwa hiyo anagusa kwa kujizuia, na mzee anaamini amekwepa nguvu ambayo kwa kweli hakuletewa. Heshima hiyo inamnyima mzee mafunzo. Mkubwa ndiye anayepaswa kutoa ruhusa kwa maneno, aseme, "Nisukume kweli, mwanangu," kisha aoneshe kwamba hakukasirika alipopoteza mizani.

Anzeni na mkono mmoja. Kila mmoja aweke mguu wa kulia mbele, magoti yakiwa yamelegea, na migongo ya vifundo vya mikono ya kulia igusane. Wa kwanza anageuza kiganja na kusukuma taratibu kuelekea kifua cha mwenzake, uzito ukihamia mguu wa mbele. Wa pili hazuii wala hakimbii: anahamishia uzito mguu wa nyuma, anageuza kiuno kulia, na mkono unaokuja unapita pembeni ya mwili wake. Kiuno kinageuka kama mlango kwenye bawaba, na mkono unakifuata tu. Msukumo unapokwisha, yeye naye anageuza kiganja na kuurudisha, na duara linaendelea. Baada ya muda badilisheni mguu na mkono.

Kanuni ni mbili: mguso usikatike, na nguvu isikutane na nguvu. Kwa joto la Dar mikono hulowa jasho upesi, na anayezoea kukamata kwa vidole atateleza. Hilo ni jema, kwani linawalazimisha kushikamana kwa uzito wa kigasha. Fanyeni duara hilo kwa wiki nyingi, hata mkiwa mmefumba macho, mpaka uhisi kusudio la mwenzako kabla bega lake halijasogea. Mimi naamini hapa ndipo taichi yenyewe ilipo, na wanaoruka hatua hii huishia kwenye mieleka ya mabega magumu.

Kwa mikono miwili, kiganja cha pili hukaa kwenye kiwiko cha mwenzako, maana anayetawala kiwiko hutawala bega. Hapo huingia nguvu nne zinazofuatana: peng, yaani kigasha kilichojaa kinachopokea bila kubonyea, lü, kuvuta pembeni kwa kugeuza kiuno, ji, kubana mbele kwa mikono iliyoungana, na an, kusukuma kwa viganja uzito ukitokea mguuni.

Sasa matumizi. Tuseme mtu amekukamata kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia. Usivute. Zungusha kiganja chako kipande juu ya kifundo chake, weka kigasha cha kushoto juu kidogo ya kiwiko chake, kisha rudisha mguu wa kulia na kugeuza kiuno kulia. Hiyo ni lü, nayo inamwinamisha mbele. Kiwiko huumia kirahisi, kwa hiyo mazoezini bonyezeni polepole na kuacha kwenye ishara. Akijivuta nyuma kujiokoa, usishindane naye: mfuate kwa an kuelekea kule anakokwenda mwenyewe. Akikunja kiwiko na kukukaribia, bega lako tayari liko kifuani pake.

Mwenza awe mkweli kwa ngazi. Kwanza anakubali mbinu, kisha anakataa kwa upande mmoja mliokubaliana, baadaye anachagua mwenyewe avute, asukume au akunje mkono. Mwisho anavaa glavu na kurusha ngumi nyepesi kwa mkono ulio huru wakati wewe unafanya mbinu. Ambaye hajafika ngazi hii asijihesabu kuwa anaweza kujihami. Mbinu hizi pia si za kumkabili kibaka mwenye kisu au aliye juu ya pikipiki. Huyo mwachie simu.

Ngumi zinapoanza, mabega ya karibu kila mtu hupanda na pumzi hukatika. Hilo likitokea, simamisheni zoezi, rudini kwenye duara la mkono mmoja mpaka pumzi ishuke, ndipo mwenza avae tena glavu na kurusha ngumi kwa mwendo wa taratibu zaidi.